Matwi ya Kwao na Matwi ya Kwetu

Odeta mwanangu,

Habari ya kupiga mswaki, ya kuchota maji kabla jua halijachoma, ya kutomjibu baba yako kwa kinywa kirefu, yote hayo mama yangu ameshakuambia tangu asubuhi, na hata sasa namsikia huko nje bado anakuambia. Mimi sirudii. Mimi nakuandikia habari ya kitu kinachonitia kinyaa kuliko vyote ninavyovijua, kwa sababu kesho unapanda lori kwenda Mishamo kuishi na mtu anayekipenda.

Usicheke nikikuita mwanangu kwa maandishi. Kwa mdomo sijawahi. Mama yako, dada yangu, alifariki ukiwa hujaanza kutambaa, nikakubeba mgongoni mimi mwenyewe nikiwa bado nang'oka meno. Ukaanza kuongea, ukaniita mama, na hapa nyumbani hakuna aliyeshangaa, maana kwa Wanyamwezi mtoto wa dada yako ni mtoto wako na mazungumzo yameisha. Shida ilianza sekondari. Wasichana wa bwenini waliona picha yako kwenye sanduku langu wakasema, "Kumbe Tedi, na ukimya wote huo, una mtoto!" Nilitakiwa nieleze. Nikafunga sanduku. Mwalimu wa Kiingereza alipotufundisha neno lao la kumwita mtoto wa dada, nikalirudia moyoni, nikaona ni fupi kama chafya. Halikubebi. Basi nimebaki na hili la kwetu.

Unanijua nilivyo. Mgeni akiingia kwa mlango wa mbele, mimi natokea wa nyuma. Mtu akiniuliza jambo nisilolijua nasema "ndiyo" ili aache kunitazama. Barua hii ni habari ya "ndiyo" moja niliyoisema mvua za mwaka jana. Wewe unachokumbuka ni kutapika tu.

Nianze na kinyaa chenyewe, ili ujue kilitoka wapi.

Nilikuwa darasa la pili. Tulikwenda kuni, mimi na mama, mvua ikiwa imenyesha kutwa nzima. Kwa uvivu nikachukua tawi lililokuwa karibu na njia, limeoza upande mmoja, nikajitwisha. Tulipofika penye mteremko nikahisi kitu kinateleza shingoni. Cha baridi. Laini. Kikaingia ndani ya gauni, kikashuka na uti wa mgongo polepole kama kinajua kinakokwenda, kikafika kiunoni, kikatulia. Nilijua ni ulimi. Usiniulize ulimi wa nani.

Nilitupa kuni nikavua gauni palepale njiani. Mama akakiokota.

"Ni uyoga tu huu, wa kwenye magogo. Mbona unalia kama umefiwa?"

Nikautazama. Ulikuwa na rangi ya kahawia inayokwenda kwenye zambarau, umejikunja, umelowa, una mishipa. Ulikuwa sikio. Sikio la mtu aliyezama majini juzi. Mama akalibonyeza kwa vidole viwili likatikisika, naye akacheka, na mimi nikatapika kwenye majani.

Tangu siku ile sikutazama tena kitu chochote kilichoota kwenye mti. Sisemi uyoga wote. Wa kwenye kichuguu nakula, tena naugombania na wewe, ushahidi unao. Ule una mwavuli mweupe, una harufu ya udongo, umesimama wima kama kitu chenye heshima zake. Lakini hivi vya kwenye magogo, vinavyobandikana kama vidonda, vinavyotoa maji ukivikanyaga, vingine vigumu kama kwato, vingine vya manjano vinavyotetemeka kama makamasi ya mtoto, nilivipita nimegeuza shingo. Sikujua kimoja na kingine. Vyote niliviita kwa jina moja moyoni: uchafu.

Sasa mwaka jana Bibi yako wa Mishamo, mama wa baba yako, alikuja kuonyesha macho hospitalini hapa Mpanda. Ulimfurahia sana, nakumbuka, ulimshika mkono mpaka chooni. Mimi nilijificha jikoni. Si kwa sababu ni mbaya. Ni kwa sababu anaongea na mtu amemshika mkono, anamsogelea uso kwa uso ili amwone, na mimi sijui niweke wapi macho. Na kuna jingine, Odeta, ambalo ni baya, naliandika haraka kabla sijaghairi. Nilikuwa namwonea kinyaa. Kwa maneno niliyoyasikia. Hapa mtaani watu husema wakimbizi wa Mishamo wanakula kila kitu, hawachagui, njaa ya safari iliwafundisha. Nilisikia hayo tangu nikiwa mdogo, na nilikuwa nayaamini huku nimekubeba wewe mgongoni, wewe ambaye baba yako ni wa hukohuko. Sikuwahi kuyaweka mambo hayo mawili karibu karibu yakaonana.

Siku ya tatu ya ugeni wake mama alikwenda shamba. Nilikuwa nachambua mboga. Bibi akaja akipapasa ukuta.

"Mwana wanje, mwanangu, huko nyuma hakuna matwi?"

"Yapo, Bibi."

"Ee! Na hamniambii! Toka nije hapa ni dagaa na dagaa, ulimi umekuwa gome. Nenda kaniletee tupike na karanga."

Hapo ndipo penyewe, mwanangu. Neno hilo. Kwa Kirundi chake matwi ni masikio. Kwa Kinyamwezi chetu matwi ni masikio vilevile. Sikuhitaji kuuliza, nilifurahi hata, kwamba kwa mara moja nimemwelewa Bibi bila kupitia Kiswahili. Na kwetu, tangu nizaliwe, mama akisema matwi ya mtini anasema vile viyoga vya rangi ya chungwa vilivyoota kwa kubebana kwenye kisiki cha mti wa mtundu karibu na choo. Vimepanuka kama sikio la ng'ombe. Mama hutuambia tusivishike. Hatuli.

Bibi alikuwa anasema kitu kingine kabisa. Alikuwa anasema lile lililonishuka mgongoni.

Nikachukua mfuko wa rambo nikaenda kwenye kisiki. Nilijiambia moyoni: loo, kumbe ni kweli, hawa watu wanakula hata haya. Nilivaa rambo mkononi kama glovu, nikageuza uso upande wa migomba, nikavuta. Nilisikia vinakatika, tsk, tsk. Nilipofika jikoni nikamwaga maji juu yake bila kugusa, nikashikilia kwa mwiko, nikakatakata vipande vidogo sana ili visionekane vilikuwa nini. Bibi alikuwa amekaa kwenye mkeka, wewe umelala kwenye mapaja yake anakusuka.

"Ni laini?" akaniuliza.

Sikujua. Sikuwa nimegusa.

"Ndiyo, Bibi."

"Yanavutika, hayakatiki ovyo?"

Yalikuwa yamekatika ovyo, nilikuwa nimesikia kwa masikio yangu haya. Lakini alikuwa amenigeuzia uso, na macho yake yale yenye utando yalikuwa yananitafuta, na nilitaka yaache.

"Ndiyo."

"Imana ishimwe," akasema, yaani Mungu ashukuriwe, akaendelea kukusuka.

Nilipika na karanga, nikapakua. Nikasema nimeshiba. Bibi alikula kidogo, akasema karanga zimezidi, hata hasikii ladha ya matwi. Wewe ulikula sahani yako, ukaramba, ukala na ya kwangu.

Mambo ya baadaye unayajua kwa tumbo, mimi nayajua kwa macho. Jua lilikuwa bado juu ulipoanza kulia. Ulitapika mlangoni, ukatapika kwenye mkeka, ukatapika kwenye gauni langu, tapishi la rangi ya chungwa la karanga, na nyuma nako kukafunguka. Bibi alikuwa amejikunja kwenye ukuta anatapikia kwenye sufuria na katikati ya kutapika anakuita jina. Nilisimama. Sikujua nimshike nani. Harufu ilinijaa puani nikaanza na mimi kutapika, mimi ambaye sikula.

Jirani yetu Mama Masunga, yule Msukuma anayetuletea maziwa, alikuta hali hiyo. Akaweka kibuyu chini.

"Mmekula nini nyie?"

"Uyoga."

Akachungulia chunguni, akaingiza kidole, akanusa.

"Wa kwenye mti? Hee! Nyie watu! Ndama wangu akiulamba huu nitamchinja kabla hajafa mwenyewe, na nyie mnampa mtoto!"

Alitukana akiwa anafanya kazi. Alimwita kijana wake, akakufunga mgongoni kwake kwa kanga, kijana akaendesha baiskeli. Bibi akapakiwa kwenye nyingine. Mimi nilikimbia nyuma.

Hospitalini nesi akaniuliza, maana mimi ndiye mkubwa niliyekuwepo.

"Wamekula uyoga gani?"

"Matwi."

"Matwi ndiyo nini? Sema kwa Kiswahili."

"Masikio."

"Msichana, unanichezea?"

"Hapana, dada. Ndiyo jina lake."

"Una rangi gani?"

"Kama... chungwa."

"Chini una nini? Una vitobo? Una mistari? Una mguu? Una pete shingoni?"

Odeta, mimi ni mtu wa kidato cha tatu. Nimechora uyoga kwenye daftari la Biolojia, kofia, mguu, pete, mistari ya chini, nikaandika majina yote kwa Kiingereza kwa kalamu nyekundu, mwalimu akanipa alama zote. Na nilikuwa nimetoka kulisha mtoto wangu uyoga ambao sikujua hata kama una mguu. Nesi alinisubiri. Nyuma yake ulikuwa unakoroma kwa namna ambayo mtoto hakoromi.

"Nenda kaulete," akasema. "Uliobaki, ulioko chunguni, ulioko chini, wowote. Kimbia."

Chungu Mama Masunga alikuwa ameshakimwaga chooni kwa hasira. Kisiki nilikuwa nimekinyonyoa chote. Kilichobaki kilikuwa kwenye mkeka.

Nikapiga magoti. Sitakuficha, nililia kwa kinyaa kabla sijalia kwa ajili yako, na hilo linanichoma. Safari hii sikuwa na rambo mkononi, maana kwa rambo huwezi kuhisi kipi ni karanga na kipi siyo. Niliingiza vidole kwenye tapishi lako. Lilikuwa bado na uvuguvugu. Nilichambua kama mtu anayechambua mchele. Inzi walikuwa wananitua mdomoni. Nikapata kipande, nikakiosha, nikakiweka kwenye kiganja na kukitazama, mara ya kwanza maishani mwangu kutazama kitu hicho bila kufumba jicho. Juu kilikuwa na rangi ya chungwa iliyoiva. Chini kilikuwa na mistari myembamba imesimama, imesongamana kama kurasa za kitabu ukikitazama kwa ubavuni. Kilikatika kwa kidole kama karoti iliyochemka.

Nilikibeba mkononi mpaka hospitalini. Nesi akakitazama, akamwita mwenzake, wakaendelea na kazi yao ya kukuongeza maji. Jioni yake ukaomba chai.

Kesho yake mama na Bibi wakagombana wodini, nadhani hilo unalikumbuka maana ulicheka kwa mara ya kwanza. Bibi aliomba kile kipande, akakipapasa, akageuza chini, akakwangua kwa ukucha.

"Haya si matwi."

"Ni matwi hayo," mama akasema.

"Mama Tedi, matwi nayajua mimi. Matwi hayana kurasa."

"Nami nayajua! Tangu nizaliwe hayo ni matwi!"

"Na mnayala?"

"Nani ale? Ni sumu!"

"Sasa kwa nini mkanilisha?"

"Si uliomba mwenyewe!"

Wagonjwa wa vitanda vya jirani walikaa kitako wasikilize. Kila mmoja wa wanawake hao wawili alikuwa ameshika sikio lake anamwonyesha mwenzake. Mimi nilikuwa katikati, na nilijua kitu ambacho wao hawakukijua: kwamba Bibi aliniuliza maswali mawili ya kutosha kabisa, na yote nilijibu ndiyo. Mwenye jina la kwake hakukosea, na mwenye jina la kwetu hakukosea. Mwenye vidole ndiye aliyekataa kugusa.

Nilimwambia Bibi hilo siku ile aliporuhusiwa. Nilitazama miguu yake nikiongea. Akasema, "Twende unipeleke kwenye gogo."

Tulikwenda wote watatu, wewe bado unatembea kama ndama wa jana. Nyuma ya shamba, lile gogo lililoanguka likalala kwenye kivuli. Mvua ilikuwa imepita. Yalikuwa yamejaa pale, masikio, makumi ya masikio, yamepangana kana kwamba gogo linatusikiliza. Nywele zilinisimama.

"Shika," Bibi akasema.

"Siwezi, Bibi."

"Shika sikio lako kwanza. Hapa chini."

Nikashika.

"Sasa shika hili. Yana tofauti?"

"La kwangu lina joto."

Alicheka mpaka akakaa. Wewe ukacheka kwa sababu yeye anacheka. Na mimi nilikuwa nimeshika, mwanangu, kidole na kidole, sijaachia.

Kwa hiyo nakuandikia nilichokishika, maana macho ya Bibi hayakutengenezeka, na sasa, baba yako anasema, haoni hata moto kama umewaka mpaka ausogelee. Bado anataka matwi yake. Atakutuma. Huko wewe ndiye macho.

Matwi ya Bibi huota kwenye mti uliokufa, si ardhini. Ukikuta sikio limeota kwenye udongo ni kitu kingine, liache. Hayana mguu, yamejibandika kwa upande mmoja au mgongoni kidogo tu. Geuza. Kugeuza ndiyo kila kitu, usichume kitu usichokigeuza. Ukiona kurasa, acha. Ukiona vitobo vidogo vidogo kama vya sindano, na mwili mgumu kama kwato, acha. Matwi ya Bibi hayana kurasa wala vitobo. Upande mmoja ni laini unaong'aa, una mikunjo kama mishipa. Upande wa pili una vinyweleo vifupi vya kijivu, kama mgongo wa sikio la panya. Ndiyo, panya. Pole. Pitisha kidole taratibu utavihisi. Inua juani, mwanga upite, uone wekundu wa kahawia kama ukiweka kiganja chako mbele ya taa. Vuta, livutike kidogo halafu lirudi, kama gegedu. Likivunjika kama kigae au likasagika mkononi, si lenyewe. Harufu karibu hakuna. Lililoanza kunuka, lililolegea likawa uteute, hata kama ni lenyewe limeshaoza, tupa.

Jua likiwaka utayakuta yamekauka, meusi, yamejikunja magumu kama ukucha wa mzee. Usidhani yamekufa. Chukua moja, litie kwenye maji, nenda kafanye kazi, ukirudi utakuta limefumbuka, nono, linakusubiri. Jambo hilo ndilo linanitia kinyaa kuliko yote. Kitu kikifa kikae kimekufa.

Na Bibi atakuambia neno moja ambalo sikubaliani nalo. Atakuambia ukiona konokono au mdudu amekula, nawe kula, yeye ndiye ameonja. Odeta, nilirudi kwenye kile kisiki cha karibu na choo. Yale ya chungwa yalikuwa yameota tena, na konokono walikuwa wameyatoboatoboa wapo hapohapo wananenepa. Tumbo la konokono si tumbo lako. Mbele za watu usimbishie Bibi, ni mkubwa, itikia tu, lakini usichume kwa ushahidi wa konokono. Na barua hii nayo isikutoshe. Mimi nimejifunza gogo moja tu, na huko miti ni mingine. Ukichuma, kabla ya chungu, weka kila moja kwenye vidole vya Bibi, moja moja, akupe ndiyo yake. Macho yako na vidole vyake pamoja. Kimoja kikisita, mnatupa yote.

Umechungulia sasa hivi. "Mama, unaandika nini kirefu hivyo?" Nimekuambia hesabu. Umesema, "Hesabu haina maneno," ukaondoka na sufuria.

Siku zile za wiki hii nilizokuwa nakupeleka vichakani ulidhani tunatembea. Nilikuwa nakupima. Nilikuwa nakuwekea vitu njiani, hivi vyenye kurasa, vile vigumu, vile vya makamasi, nikiwa nimevishika kwa mikono yangu mitupu, na wewe uligeuza kila kimoja bila kuambiwa. Jana nilikuwekea kimoja ambacho mimi mwenyewe sikukijua. Kilikuwa kama sikio, kimelegea, cheusi, hakina kurasa, hakina vinyweleo. Ukakigeuza, ukakipitishia kidole, ukakiinua juani. Ukakaa nacho. Niliogopa, maana ulitaka kunifurahisha, nilikuona, na mimi najua mtoto anayetaka kufurahisha watu hujibu nini.

Ukasema, "Huu siujui."

Ukautupa ukafuta mkono kwenye sketi, ukaendelea mbele unaimba. Mimi nilibaki nyuma kidogo kwa sababu machozi yalinitoka na unajua naona aibu.

Leo mchana umekuja na kanga imejaa. Umesema ndiyo ya kuaga, utapika wewe. Mama akasema yeye huo uyoga hauingizi mdomoni hata akiwekewa bunduki, akaenda kwa Mama Masunga, na huko bila shaka wametusema. Sikukupekua. Nilitaka sana. Mikono ilikuwa inaniwasha nigeuze kimoja kimoja nyuma yako. Nikajizuia nikakaa kwenye mkeka palepale, nikakuuliza tu, "Ni laini?"

"Laini."

"Yanavutika?"

Ukaniletea moja, ukalivuta mbele ya pua yangu, likarudi, tap. "Si uone mwenyewe, mama."

Ukapika na karanga. Ukapakua sahani mbili. Ulikula ukinitazama, na ulikuwa unajua kabisa unachonifanyia, mtoto mjanja wewe.

Nimekula, Odeta. Yote mpaka chini ya sahani. Yanalia mdomoni kru, kru, kama unatafuna mtu. Yanateleza kabla hujaamua kumeza. Hayana ladha hata kidogo, ni karanga na kinyaa tupu, na kipande kimoja kilinigandia kaakaani kikakaa hapo kimekunjuka kama kinasikiliza ninachofikiri. Nilikunywa vikombe viwili vya maji. Sitakula tena mpaka nife.

Sasa giza ndiyo linaanza kuingia, nasikia unasugua chungu nje na mchanga huku mama anakuambia tena habari ya mswaki. Tumbo langu limetulia kabisa. Nenda kwa Bibi, mwanangu.

Ni mimi mama yako,
Tedi